Sheli Dodoma: upime uvujaji kwa dipu, kwa mvuke, au uchimbe visima vya uangalizi?

Tangu serikali ihamie huku 2016 sheli zinaota kila barabara, njia ya Singida, njia ya Moro, njia ya Arusha, na kila anayejenga akifika hatua ya kufukia matanki anauliza swali lilelile: nitajuaje kama limeanza kuvuja? Jirani mwenye kisima naye ana la kwake: nitajuaje kama maji yangu yameingiwa na wese? Watu wanayachukulia kama swali moja, lakini sivyo. La kwanza ni la tanki, la pili ni la maji, na kifaa kinachojibu la kwanza vizuri mara nyingi la pili hakiligusi kabisa. Halafu anakuja mtu wa mauzo na mzigo wake anakwambia hiki kinamaliza kila kitu. Hakuna kinachomaliza kila kitu, kwahiyo nazipanga hapa njia zote ninazozijua, inafaa wapi na inafeli wapi kwa ardhi ya kwetu, uchague mwenyewe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nasimama wapi: kwa sehemu kubwa ya Dodoma, kisima cha uangalizi (kile cha kupimia maji ya ardhini, sio cha kunywa) peke yake kinakupa habari wakati mambo yameshaharibika. Anza na tanki, fuata mvuke, kisima kije cha tatu. Ila kuna maeneo huo mpangilio unageuka na nitayasema.

Kwanza tukubaliane kwanini tunahangaika. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya chini ya ardhi, visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora ndo vimetubeba. Mto wa maji mwaka mzima hatuna, mvua ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka na zote zinashuka msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kisima kikiharibika hapa hauna mto wa kukimbilia.

Na petroli haihitaji kuwa nyingi. Ndani yake kuna benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, na benzeni ndo mbaya kuliko wenzake kwasababu inasababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Fanya hesabu hii: petroli yenye benzeni asilimia 1, lita moja tu ya petroli hiyo ina benzeni karibu gramu 9, na gramu hizo zikiyeyuka zote kwenye maji zinatosha kufikisha kwenye kikomo hicho maji ya lita zaidi ya laki nane. Lita moja! Afu kuna watu wanasema "maji yangu nayaonja kila siku, yangekuwa na petroli ningejua". Usingejua. Ulimi wa binadamu unaanza kuisikia benzeni kwenye nusu miligramu kwa lita hivi, yani mara 50 ya kikomo, na pua inachelewa zaidi ya ulimi. Siku unaisikia umeshakunywa muda mrefu.

Sasa njia zenyewe.

Dipu na hesabu za kila siku

Hii kila sheli inayo. Kijana anafungua mfuniko, anazamisha kijiti, anasoma, anaandika. Unachukua dipu ya jana, unajumlisha mzigo ulioshushwa, unatoa lita zilizouzwa kwenye pampu (risiti za EFD zinakusaidia hapa, hazisahau), na kinachobaki kifanane na dipu ya leo. Uzuri wake ni bei, karibu bure, na inakamata tanki na mabomba kwa pamoja maana wese likipotea popote kati ya tanki na pampu hesabu itakataa.

Udhaifu wake ni mkubwa lakini. Wamarekani kwenye kanuni zao za matanki, zile zilizotoka 1988, wanaruhusu tofauti ya asilimia 1 ya mauzo ya mwezi ukijumlisha galoni 130, ambazo ni kama lita 490. Sheli inayouza lita laki moja kwa mwezi inaweza kupoteza karibu lita 1,500 na hesabu bado ikaonekana iko sawa. Ndo maana wao hawaiachi dipu isimame peke yake, wanaiambatanisha na kipimo cha kuhakiki tanki halivuji (tightness test, hapa nakiita kipimo cha presha) kila baada ya miaka 5, na baada ya miaka 10 inabidi uhamie njia nyingine. Kuna na joto, petroli inatanuka na kusinyaa, mzigo wa lita 10,000 ukishushwa wa moto toka njiani ukapoa digrii 5 ardhini unapungua karibu lita 50 na hakuna kilichovuja. Kwa jua la huku na maboza yanayotembea toka Dar mchana kutwa hilo linatokea sana.

Na kuna suala la mtu. Mwenye sheli anaingia asubuhi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Dipu imesemaje?"
"Kama ya jana tu mzee, tofauti ndogo."

Ukifungua daftari unakuta tofauti ni ileile wiki nzima, namba nzuri, safi, mwandiko mmoja, kalamu moja. Dipu ya kweli haiwi hivyo, leo inazidi lita kadhaa kesho inapungua, inachezacheza. Daftari lililonyooka sana liogope kuliko lenye makosa, na kinachotisha zaidi ni tofauti inayoegemea upande wa kupungua tu, hata kama kila siku ni kidogo. Huo upande mmoja ndo uvujaji unavyoonekana.

Pakaa na ile dawa ya kutafuta maji kwenye ncha ya kijiti, inabadilika rangi ikigusa maji. Maji yakiongezeka chini ya tanki baada ya mvua maana yake kuna pa kuingilia, na mara nyingi pa kuingilia maji ni pa kutokea wese kiangazi.

Mita ya otomatiki na kipimo cha presha

Hizi naziweka pamoja kwasababu zote zinaangalia chuma na sio ardhi. Mita ya otomatiki (wengi wanaita ATG) ni fimbo yenye sensa inakaa ndani ya tanki, inasoma kina na joto muda wote, na tanki likitulia usiku inaweza kufanya jaribio la uvujaji. Kiwango kinachotakiwa kwa jaribio hilo kwenye kanuni hizo hizo ni kukamata galoni 0.2 kwa saa, kama lita 0.76. Kipimo cha presha anachokuja kufanya fundi maalum kinashuka mpaka galoni 0.1, lita 0.38 kwa saa. Inasikika ndogo, ila kwa mwezi lita 0.38 ni zaidi ya lita 270 zinazoingia ardhini kimyakimya, tena hicho ndo kipimo kikali.

ATG inaishinda dipu kwenye joto maana inalirekebisha yenyewe, na haichoki wala haidanganyi daftari. Inapofeli ni kwenye mabomba, inaona tanki tu, kiungo kikilegea chini ya pampu yenyewe inakwambia tanki zima na ni kweli, tanki ni zima. Kwahiyo ukinunua ATG usitupe hesabu za kila siku, na mabomba yapimwe kivyake. Umeme nao, ukiwa unakatika na hauna betri nzuri unalipia kitu kinacholala nusu ya muda. Kama sheli haijajengwa bado, weka tanki la kuta mbili lenye sensa katikati ya kuta, hapo uvujaji unaukamata kabla haujagusa udongo na nusu ya makala hii haikuhusu.

Mvuke

Hapa ndo napenda watu wasimame kidogo maana njia hii inapuuzwa sana na kwa Dodoma inafaa kweli.

Petroli inaruka, yani inageuka mvuke haraka. Ikivuja kwenye mchanga mkavu uliofukiwa kuzunguka tanki, mvuke wake unasambaa haraka kuliko wese lenyewe linavyoshuka. Unaweka mabomba mafupi ya PVC yenye matundu, mita 2 au 3 kwenda chini, pembeni ya tanki na kwenye njia ya mabomba, juu unafunga mfuniko unaokaza, na kila mwezi unaingiza mpira wa kunyonyea wa mita ya mvuke, unasoma. Udongo mkavu, maji yako mbali chini, joto la kutosha, ndo mazingira ambayo mvuke unatembea vizuri, na hayo mazingira sisi tunayo miezi saba au nane ya mwaka. Unajua tatizo wakati wese bado liko mita chache tu chini, halijafika kwenye maji.

Linganisha na kisima cha uangalizi ambacho kinasubiri wese lishuke, sijui mita 20, sijui 40, lifike kwenye maji, litembee, ndo likukute. Hiyo tofauti ya muda ndo inanifanya niuweke mvuke mbele.

Lakini mvuke haufai kwa dizeli. Dizeli hairuki vya kutosha, tanki la dizeli linaweza kuvuja mita ikasoma karibu sifuri. Kwa yadi za maroli na karakana zenye dizeli tupu usipoteze hela hapa. Haufai pia kwenye udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua, hewa haipiti. Na msimu wa mvua udongo ukishalowa namba zinashuka, usifurahi ukadhani tatizo limeisha. Jambo jingine, wese lililomwagika juu wakati wa kushusha mzigo nalo linatoa mvuke, kwahiyo pima kabla sheli haijaanza kazi upate namba ya mwanzo, bila hiyo utabishana na fundi milele.

Visima vya uangalizi

Hiki ndo kitu watu wanachofikiria kwanza wakisikia kupima maji ya ardhini. Bomba la inchi 2 au 4, chini lina skrini yenye mipasuko, pembeni changarawe, juu yake bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa) ya kuziba, mfuniko wa kufuli. Vinatakiwa vitatu angalau, na visikae mstari mmoja, vikae pembetatu, maana kwa kulinganisha kina cha maji kwenye vitatu ndo unajua maji yanaelekea wapi. Kimoja kiwe upande maji yanakotokea ili uwe na maji ya kulinganishia, vilivyobaki viwe upande maji yanakoelekea. Kisima kimoja kilichochimbwa palipokuwa na nafasi, nyuma ya choo, hakikwambii kitu.

Kanuni ile ya Marekani inakubali visima hivi kama njia ya kugundua uvujaji pale tu ambapo maji hayashuki zaidi ya futi 20, kama mita 6, toka juu ya ardhi, na udongo ni wa kupitisha haraka, changarawe au mchanga wa chembe kubwa. Inataka pia kiweze kuonyesha wese linaloelea hata likiwa na unene wa milimita 3. Sasa chukua hayo masharti uyalete Dodoma. Sehemu nyingi maji yako mbali kuliko mita 6, na chini ni mwamba wa graniti, maji yanatembea kwenye nyufa. Ufa ukipita mita chache pembeni ya kisima chako wese linapita hapo na wewe unavuta maji safi kila mwezi na kuandika "salama".

Kuna jambo la pili ambalo wageni hawalijui. Kina cha maji Makutupora kimepimwa tangu miaka ya 1950, ni kati ya rekodi ndefu kuliko zote kwenye nchi za tropiki, na kilichoonekana ni kwamba bonde lile halijazwi sawasawa kila mwaka, linajazwa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile El Niño ya 1997/98, katikati maji yanashuka taratibu. Kwa kisima cha uangalizi hii ni shida mara mbili. Skrini ikiwa fupi, mwaka wa mvua maji yanapanda juu yake na wese linaloelea linabaki nje ya bomba, huoni. Maji yakishuka wese linashuka nayo na kuacha limejipaka kwenye udongo wote, yakipanda tena linanaswa chini ya maji, ule unene uliokuwa unauona unapungua au unapotea, mtu anaandika ripoti kwamba uchafu umeisha. Haujaisha. Kwahiyo skrini iwe ndefu ipite juu na chini ya pale maji yanapochezea, na kila ukiandika unene wa wese andika na kina cha maji siku hiyo, namba moja bila nyenzake haina maana.

Visima vinashinda wapi basi? Vinashinda pale unapojua tayari kuna uvujaji na unataka kujua umefika wapi, hapo hakuna mbadala. Vinashinda kwenye maeneo ya chini, pembeni ya mito ya mchanga na mabondeni ambako maji yako karibu, na vinashinda kwa dizeli. Na ndivyo pekee vinavyojibu swali la jirani.

Tena uchukuaji wa sampuli ndo unaharibu kazi nzuri, nielezee kidogo. Kabla hujachota maji ya kupeleka maabara shusha beila, ile bomba ya plastiki inayoonyesha, taratibu kwa kamba mpaka iguse maji isizame yote, kisha pandisha uiangalie kwenye mwanga. Wese kama lipo utaliona limekaa juu ya maji na mstari katikati, na kamba inanuka. Kama halipo ndo unatoa maji yaliyolala kwenye bomba, unasubiri mapya yaingie, unajaza vile vichupa vya kioo vya mililita 40 mpaka maji yavimbe mdomoni, unafunga, unakigeuza juu chini na kukigonga na kidole. Ukiona kapovu hata kadogo, mwaga uanze upya, maana benzeni inakimbilia kwenye hewa hiyo. Halafu barafu moja kwa moja, sio kwenye dashibodi ya gari. Maji yaliyojazwa kwenye chupa ya soda yakasafiri na jua la saa nane yatakuja na jibu zuri ambalo ni la uongo. Na maabara uwaulize kabla: mnapima benzeni kwa gesi kromatografia (mashine inayotenganisha kemikali moja moja)? Vipimo tulivyozoea huku, chumvi, nitrati, floraidi, bakteria, havigusi petroli hata kidogo, cheti cha "maji yanafaa" cha namna hiyo hakijasema lolote kuhusu wese.

Kisima kilichochimbwa vibaya pia ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Bila kuziba vizuri pale juu kinakuwa njia ya mkato ya wese kushuka mpaka kwenye maji. Ongea na Bodi ya Maji ya Bonde kabla ya kuleta mtambo, Makutupora iko Wami/Ruvu, upande wa Bahi ni Bonde la Kati.

Kwahiyo nani achague nini

Sheli ya petroli na dizeli kwenye ardhi kavu ya mwinuko, maji yako mbali, jirani hana kisima: hesabu za kila siku zilizo za kweli, kipimo cha presha kwa tanki na mabomba, vituo vya mvuke upande wa petroli. Hela ikibaki, ATG. Visima achana navyo mpaka kimojawapo cha hivyo kikupe sababu.

Sheli au yadi ya dizeli tupu: presha na ATG, mvuke ruka.

Uko bondeni, maji karibu, au kuna kisima cha kunywa jirani: hapo ndo mpangilio unageuka, visima vya uangalizi vitatu tangu siku ya kwanza, kabla wese halijaingia tankini, ili uwe na sampuli za mwanzo. Itakulinda na wewe, maana kama kuna sheli nyingine juu yako utaweza kuonyesha uchafu ulikutangulia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inamtaka aliyechafua ndo alipe, na mabishano ya nani kachafua bila sampuli za mwanzo hayaishi.

Upande wa Mzakwe na Makutupora mimi ningetaka vyote, tanki la kuta mbili, mvuke, na visima, na kama mwekezaji anaona ghali atafute kiwanja kwingine. Maji ya watu zaidi ya laki saba wa jiji hili sio mahali pa kubana matumizi.

Na wewe mwenye kisima tu, huna sheli, ila sheli imejengwa mita mia kutoka kwako. Kuna tafiti za California na Texas miaka ya 1990 zilizoonyesha benzeni iliyoyeyuka mara nyingi haivuki mita 80 hivi toka kwenye chanzo, bakteria wa ardhini wanaila njiani. Usiitegemee hiyo sana, kwenye nyufa za mwamba maji hayafuati wastani, na pampu yako ikivuta kutwa nzima inayavuta kuja kwako. Pima benzeni mara moja sasa hivi upate namba ya mwanzo, kisha mara mbili kwa mwaka, moja mwisho wa mvua na nyingine mwisho wa kiangazi. Katikati angalia vitu rahisi: maji kuanza kuwa na kutu, harufu ya yai bovu, au nitrati ambayo huku huwa juu kushuka ghafla bila sababu. Bakteria wanaokula petroli wanamaliza oksijeni, wanahamia kwenye nitrati, wakitoka hapo kwenye chuma, kwahiyo hiyo nitrati iliyoshuka ambayo kila mtu angeifurahia ndo ikupeleke maabara wiki hiyohiyo. Na omba kuona daftari la dipu la jirani yako, kwa heshima, kama mtu na jirani yake. Mwenye sheli anayejali atakuonyesha, na akigoma peleka sampuli zako kwa wanaosimamia mazingira (NEMC) na wanaosimamia nishati na maji (EWURA), ofisi zote ziko hapahapa mjini.